Klova Katika Nyasi za Boma: Uiache, Uipande au Uing'oe?

Kila mvua za Machi zinaposhika Kakamega, swali hurudi lile lile, kuanzia Lurambi na Shinyalu hadi Malava na Mumias: "Nyasi zangu zimeingiliwa na majani matatu matatu yenye maua meupe. Niyang'oe au niyaache?" Wengine huuliza kinyume chake. Wamesikia kwamba klova hurutubisha ardhi, na sasa wanataka kuipanda uwanja mzima, tena upesi.

Ndugu msomaji, jibu fupi ni hili. Kama klova imejiotea yenyewe na imechanganyika na nyasi, iache, kisha iondoe tu mahali penye sababu ya kuiondoa. Sababu hizo zipo, na nyingine ni nzito: mtoto anayedhurika akiumwa na nyuki, ndama anayefungwa uwanjani, au mahali pa kupiga hema siku ya shughuli. Soma hatua kwa hatua, kisha utoke nje ukaliangalie boma lako mwenyewe.

## Hakikisha kwanza kwamba ni klova

Wengi wanaouliza kuhusu klova wana mmea mwingine kabisa, na kosa hili hugharimu, kwa sababu dawa ya mmea mmoja si dawa ya mwingine. Linganisha hivi:

- Klova. Vijani vitatu vya mviringo au vya umbo la yai, mara nyingi vikiwa na alama nyeupe katikati. Maua madogo mengi hukusanyika kuwa kichwa kimoja cha duara, cheupe au chenye rangi ya waridi hafifu. Shina hutambaa chini na kutoa mizizi njiani. Ipo klova nyeupe iliyotoka Ulaya, na ipo ya kwetu, *Trifolium semipilosum*, inayoota yenyewe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hii ya kwetu ilithaminiwa hata Australia, ambako aina inayoitwa Safari ilitolewa kwa ajili ya malisho.
- Oksalisi. Ina vijani vitatu pia, lakini kila kimoja kina umbo la kopa, na ukitafuna ladha yake ni chachu. Maua yana petali tano, ya manjano au ya waridi inayoelekea zambarau, wala hayakusanyiki kuwa kichwa cha duara. Mmea huu haurutubishi ardhi. Aina yenye maua ya waridi ina vitunguu vidogo vingi chini ya udongo.
- Desmodi. Vijani ni vikubwa zaidi, shina lina vinyweleo, na maganda ya mbegu hunata kwenye suruali. Wakulima wengi wa magharibi wanaijua kwa sababu hupandwa katikati ya mahindi kupambana na gugu la kayongo, kwa mbinu ya "push-pull" iliyoendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kule Mbita.

Bado una shaka? Chimba mche mmoja taratibu baada ya mvua, uoshe mizizi ndani ya karai. Mizizi ya klova huwa na vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Ukiona rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu ndani, mmea upo lakini ardhi haipati faida kubwa. Oksalisi haina vinundu hivyo hata kidogo.

## Kwa nini imekuja kwako

Nyasi zinahitaji naitrojeni nyingi. Klova hujitafutia yake. Kwa hiyo udongo ukikosa naitrojeni, nyasi hudhoofika, nafasi huachwa wazi, na klova huijaza. Katika Kakamega, mambo matatu husababisha hali hiyo:

1. Mvua. Eneo hili hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na naitrojeni huoshwa kwa urahisi.
2. Nyasi zilizokatwa hazirudi ardhini. Tunazikusanya zote tukampelekea ng'ombe. Ng'ombe anashiba, lakini uwanja unabaki na njaa.
3. Kufyeka hadi mchangani. Slasha ikikwangua ardhi, nyasi hupoteza majani ya kujilishia, na mwanga hufika chini mahali mbegu za klova zinaposubiri.

Shika jambo hili moja hata ukisahau mengine yote: ukiing'oa klova bila kuilisha nyasi, klova itarudi. Mbegu zake zina ganda gumu na nyingine hukaa ardhini miaka mingi kabla ya kuota. Kibarua utamlipa leo, na mwakani utamwita tena kwa kazi ile ile.

## Maswali sita ya kukusaidia kuamua

Jibu kwa kuangalia boma lenyewe. Usijibu kwa kuangalia boma la jirani.

1. Nani anakanyaga hapo, na amevaa nini?
Maua ya klova huvuta nyuki. Watoto wanaocheza pekupeku juu ya maua mchana wa jua wataumwa siku moja au nyingine. Kwa watoto wengi ni maumivu ya muda. Lakini ikiwa mtu wa nyumbani amewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya kuumwa na nyuki, usisite: ondoa klova mahali pote anapopita.

2. Kuna ng'ombe, kondoo au mbuzi anayefungwa uwanjani?
Mnyama mwenye njaa akila klova nyingi mbichi, hasa yenye umande, tumbo linaweza kujaa gesi na kumuua kwa muda mfupi. Klova chache ndani ya nyasi nyingi ni lishe nzuri. Hatari ni uwanja ambao karibu wote ni klova.

3. Uwanja unabeba mzigo gani?
Boma la Kakamega hupokea hema, viti, magari na mamia ya watu siku ya harusi au ya matanga. Klova haivumilii kukanyagwa sana kama zinavyovumilia nyasi za Kikuyu au ukoka. Majani yake yakipondeka huteleza wakati wa mvua na kuacha madoa ya kijani kwenye nguo. Mahali pa hema na njia ya gari pabaki nyasi tupu.

4. Ardhi ina mteremko?
Kama maji ya mvua ya alasiri hukatiza uwanja na kubeba udongo, usiache sehemu yoyote wazi. Klova inayotambaa pamoja na nyasi hushika udongo vizuri. Kuing'oa mahali hapo msimu wa mvua ni kukaribisha mmomonyoko.

5. Kuna kivuli?
Chini ya mwembe au mparachichi mkubwa, klova haitastawi, wala nyasi hazitastawi vizuri. Usipoteze mbegu. Tandaza majani makavu, au panda mimea inayopenda kivuli.

6. Nyumba ni yako?
Kama ni ya kukodi, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kupanda au kupiga dawa. Kuacha kilichopo na kukikata vizuri hakutaleta ugomvi.

Ukishajibu, gawanya uwanja katika sehemu. Hakuna sheria inayotaka uwanja mzima ufanane. Mbele ya mlango na mahali pa watoto pawe nyasi tupu, na mteremkoni na pembezoni pabaki mchanganyiko. Mgawanyo huu peke yake humaliza nusu ya mabishano ya mume na mke kuhusu klova.

## Ukiamua kuiacha

Kuiacha si kuitelekeza. Fuata haya:

1. Kata kwa kimo cha sentimita 5 hivi, yaani upana wa vidole vitatu vilivyolazwa. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja.
2. Acha ardhini angalau sehemu ya ulichokata. Naitrojeni ya klova haiingii ardhini kwa wingi mmea ukiwa hai. Huingia majani na mizizi inapooza. Ukibeba kila kitu kwenda zizini, faida yote imekwenda zizini, na uwanja haujapata kitu.
3. Usiweke mbolea ya naitrojeni hapo. CAN na urea zitaipa nyasi nguvu ya kuifunika klova, na utakuwa umelipia kuiua huku ukidai unaitunza.
4. Weka jivu la jikoni au chokaa ya kilimo kidogo. Udongo wa Kakamega kwa sehemu kubwa una asidi, na klova pamoja na bakteria wake hawaipendi. Jivu lililopoa, kavu, konzi mbili kwa mita moja ya mraba mara moja kwa mwaka, linatosha. Litawanye majani yakiwa makavu, kisha mvua ilishushe.
5. Kata maua kabla ya likizo. Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, pitisha mashine au slasha sehemu za watoto. Maua yakiisha, nyuki nao huondoka.
6. Linda uwiano. Klova ikifika theluthi moja ya uwanja, inatosha. Ikizidi nusu, inua kimo cha kukata na uilishe nyasi kama ilivyoelezwa huko chini, hadi nyasi zirudi.

Kwa wanaofuga nyuki, maua haya ni neema. Kakamega ina pia nyuki wadogo wasiouma, ambao ICIPE imefundisha wakazi wa kando ya Msitu wa Kakamega kuwafuga kwenye mizinga. Ukiwa na mizinga ya aina yoyote karibu, tenga kipande cha klova pembeni mwa boma, mbali na njia ya watu, ukiache kichanue.

## Ukiamua kuipanda

Hapa nakuomba uende polepole. Watu hununua mbegu za bei, huzimwaga juu ya nyasi zilizoshikana, kisha hulalamika kwamba hazikuota. Hazikuota kwa sababu hazikugusa udongo.

Kabla ya kununua chochote:

- Pima udongo. Ulizia ofisi ya kilimo ya kaunti au shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, hapa Kakamega wakuelekeze mahali pa kupimia. Kama pH iko chini ya 5.5, anza na chokaa. Gramu 200 kwa mita moja ya mraba, ikichanganywa na udongo wa juu miezi miwili kabla ya kupanda, ni mwanzo mzuri. Aliyekupimia akikupa kiasi kingine, fuata cha kwake.
- Kumbuka fosforasi. Udongo mwekundu wa magharibi huishikilia na kuinyima mimea. Bila fosforasi vinundu havitakua vizuri. Weka mbolea ya TSP au samadi iliyooza vizuri wakati wa kuandaa ardhi.

Njia ya kwanza: vipande vya mmea. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa boma la kawaida. Omba kwa jirani au rafiki mwenye klova yenye afya. Chimbua mashina yanayotambaa pamoja na udongo wake, uyapande kila sentimita 30 ndani ya nyasi zilizofyekwa chini. Huo udongo ndio muhimu, kwa maana bakteria wanaofaa wanakuja nao. Usiende kuchimba ndani ya Msitu wa Kakamega. Ni eneo linalolindwa, na huna haja ya kwenda huko.

Njia ya pili: mbegu.

1. Fyeka nyasi chini kuliko kawaida, kisha kwangua kwa reki ya chuma hadi udongo uonekane.
2. Pima gramu 2 za mbegu kwa mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 10 kwa 10 unahitaji gramu 200 tu. Changanya na mchanga mkavu ili zienee sawasawa.
3. Tawanya nusu ukitembea upande mmoja, na nusu iliyobaki ukitembea kwa kukatiza.
4. Funika kwa udongo usiozidi sentimita 1, kisha kanyaga taratibu kwa ubao. Mbegu ni ndogo, na ikizikwa haitoki.
5. Panda mvua ikishashika, mwezi Machi mwishoni au Aprili, au tena kati ya Agosti na Septemba. Usipande siku mawingu makubwa ya mvua ya mawe au ya gharika yanapotanda. Mbegu zote zitaishia mtaroni.

Onyo kuhusu bakteria. Chanjo ya mbegu za jamii ya kunde, kama Biofix iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hutengenezwa kwa zao maalumu. Pakiti ya soya haifai klova. Tena, bakteria wanaoishi na klova ya Ulaya mara nyingi hawafanyi kazi na klova za Afrika, na wale wa klova za Afrika hawafanyi kazi na ya Ulaya. Jambo hili watafiti walilithibitisha tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo ukinunua mbegu, muulize muuzaji ni klova gani na chanjo yake ni ipi. Akishindwa kujibu, rudi kwenye njia ya vipande.

## Ukiamua kuiondoa

Anza na njia nyepesi. Dawa iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Ing'oe kwa mkono. Subiri mvua ilainishe udongo. Tafuta mzizi mkuu, ingiza ncha ya panga au jembe-uma, kisha fuata kila shina linalotambaa hadi mwisho wake. Kipande kilichobaki na mizizi kitaota upya. Fanya kabla maua hayajakauka na kumwaga mbegu. Kwa sehemu ndogo, hii inatosha.

Hatua ya 2: Ziba mapengo siku hiyo hiyo. Panda vipande vya nyasi za Kikuyu, ukoka au paspalamu kila sentimita 15 hadi 20. Pengo lililoachwa wazi halitakaa wiki nyingi bila gugu jingine.

Hatua ya 3: Lisha nyasi. Tumia CAN gramu 20 kwa mita moja ya mraba. Kifuniko cha chupa ya soda kikijaa hubeba takribani gramu 5, kwa hiyo ni vifuniko vinne. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utachukua kilo 2. Tawanya majani yakiwa makavu na udongo ukiwa na unyevu, mvua ikiwa karibu. Rudia msimu wa mvua wa pili. Kwa udongo wetu wenye asidi, chagua CAN kabla ya salfeti ya amonia, ambayo huongeza asidi. Asiyetaka mbolea ya dukani atumie mboji au samadi ya kuku iliyooza kabisa. Samadi mbichi ya kuku itaunguza.

Hatua ya 4: Inua kimo cha kukata. Acha nyasi sentimita 6 hadi 8 kwa miezi kadhaa. Kivuli cha nyasi ndicho adui mkubwa wa klova, nacho hakina gharama.

Hatua ya 5: Funika, kama imetawala. Sehemu iliyojaa klova tupu, ifunike kwa nailoni nyeusi wiki nne hadi sita wakati wa jua kali la Januari na Februari. Kila kitu chini yake kitakufa, zikiwemo nyasi, kwa hiyo panga kupanda upya mvua zikianza.

### Dawa ya magugu

Ukifika hapa, soma orodha hii yote kabla ya kwenda agroveti:

- Glaifoseti huua nyasi pamoja na klova. Usiipige juu ya uwanja ukitarajia ichague.
- 2,4-D, inayojulikana sana kwa wakulima wa miwa, huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi nyingi. Lakini ikitumika peke yake, klova mara nyingi hunyauka kisha hufufuka. Tafuta lebo inayotaja klova na nyasi za bustani kwa pamoja.
- Angalia kwenye lebo nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa hizi. Ruhusa za dawa hubadilika. Uliza kama bado inaruhusiwa, na kwa matumizi gani. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.
- Usipige kukiwa na upepo. Ukungu kidogo tu wa 2,4-D hupotosha majani ya sukuma wiki, kunde, mrenda, saga, maharagwe na nyanya. Bustani ya mboga ya Kakamega iko hatua chache kutoka uwanjani, mara nyingi ya jirani.
- Usipige ikiwa imechanua. Utaua nyuki.
- Usipige karibu na kisima, chemchemi au mtaro, wala mvua inapokaribia.
- Watoto, kuku na mifugo wakae mbali kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Nyasi zilizopigwa dawa zisilishwe ng'ombe wala kutiwa kwenye mboji.
- Pampu uliyopigia dawa ya magugu usiitumie kwa mboga. Mabaki machache yanatosha kuharibu kitalu.
- Vaa glavu, buti na barakoa. Chupa tupu itobolewe. Isiwekewe maji wala mafuta ya taa.

### Kama ni oksalisi

Usiilime kwa jembe. Kila unapopiga, vitunguu vyake hutawanyika na mmea mmoja unakuwa kumi. Chimba bonge zima la udongo kwa uma, litoe pamoja na vitunguu, ulitie kwenye gunia na kulikausha juani hadi vife. Usikitie hata kimoja kwenye mboji.

## Makosa yanayorudiwa kila mwaka

- Kung'oa mwezi Aprili na kuacha ardhi tupu mbele ya mvua kubwa.
- Kuweka CAN kiangazi. Haina maji ya kuyeyukia, na majani huungua.
- Kupanda klova ili ing'arishe uwanja, kisha kuendelea kufyeka hadi mchangani.
- Kuacha klova peke yake bila nyasi. Kiangazi kirefu hunyauka na kuacha vumbi.
- Kuhukumu baada ya mwezi mmoja. Uwanja hubadilika kwa misimu. Upe mwaka mzima.

## Pingamizi mnazoleta mara kwa mara

"Klova ni gugu, wataalamu wote wanajua."
Huko Ulaya na Marekani, hadi miaka ya 1940, mbegu za klova zilichanganywa na mbegu za nyasi kwa makusudi. Zilipokuja dawa za kuua majani mapana, klova ilikufa pamoja na magugu, nayo ikaanza kuhesabiwa miongoni mwayo. Gugu ni mmea ulioko mahali usipoutaka. Uamuzi ni wako.

"Majirani watasema mimi ni mvivu."
Kinachoonyesha uvivu ni kimo na kingo. Kata kwa wakati, nyoosha kingo za njia na maua, na hakuna atakayehesabu vijani vitatu.

"Itaficha nyoka na kuleta mbu."
Nyoka hujificha kwenye nyasi ndefu, marundo ya mawe na kuni. Klova iliyokatwa sentimita 5 haimfichi nyoka. Mbu wa malaria hutaga majini. Fukia madimbwi, mwaga maji kwenye matairi na makopo, lala ndani ya neti. Kung'oa klova hakutapunguza mbu.

"Kuku wangu wanaila. Watadhurika?"
Hapana. Majani mabichi ya klova ni chakula kizuri kwa kuku wa kienyeji. Tatizo la kuvimba tumbo ni la wanyama wanaocheua.

"Ndama ameshavimba upande wa kushoto. Nifanye nini?"
Mtoe malishoni mara moja, mweke asimame miguu ya mbele ikiwa mahali pa juu, na umpigie daktari wa mifugo papo hapo. Usingoje kesho. Ili isitokee tena, mlishe nyasi kavu kabla ya kumfungua, na ngoja umande ukauke.

"Mtoto ameumwa na nyuki."
Toa mwiba haraka kwa kuukwangua, osha, weka kitu baridi. Akivimba midomo au uso, akitapika, au pumzi ikimsumbua, mkimbize hospitali bila kujaribu dawa nyingine kwanza.

## Ratiba ya mwaka mmoja

- Januari na Februari: Chora ramani ya uwanja. Tambua mmea. Pima udongo. Funika sehemu zilizotawaliwa. Usiweke mbolea.
- Machi hadi Mei: Ng'oa sehemu ulizochagua, panda nyasi au klova, weka CAN panapostahili nyasi tupu. Kata maua kabla ya likizo ya Aprili.
- Juni na Julai: Kata kwa kimo ulichoamua. Ng'oa miche mipya ingali midogo.
- Agosti hadi Novemba: Ziba mapengo. Rudia CAN mara moja. Weka jivu au chokaa sehemu za mchanganyiko.
- Desemba: Wageni na watoto wako nyumbani. Kata maua, angalia uwiano, na uamue kama mpango unaendelea au unabadilika.

## Uamuzi

Kwa boma la kawaida la Kakamega, lenye mteremko kidogo, mvua nyingi na fedha chache za mbolea, klova iliyochanganyika na nyasi ni msaada. Iache. Iondoe pale ambapo afya ya mtu, usalama wa mnyama au kazi ya uwanja inadai iondolewe, na ukiiondoa, ziba mapengo siku hiyo hiyo na uzilishe nyasi. Usinunue mbegu kabla hujaujua udongo wako, wala usifungue chupa ya dawa kabla hujajaribu mkono, mbolea na kimo cha kukata. Anza wiki hii kwa kuchimba mche mmoja na kupasua vinundu vya mizizi yake. Ukishaona kilicho ndani yake, utajua uanzie wapi.